Kikohozi cha Kuazima

"Mlimpima mdogo wangu, mkamkuta na kifua kikuu, mkampa dawa, na sisi tukashukuru. Sasa mmerudi kutafuta nini? Au mkiipata nyumba nzima mnapewa zawadi?"

Aliyekuwa anafoka hivyo ni fundi cherehani, na alifoka bila kutoa mguu kwenye pedali. Sindano inapanda inashuka, na mdomo nao unapanda unashuka, vyote kwa mwendo mmoja. Mbele yake, chini ya ukingo wa paa, alisimama mwanaume mrefu mwenye begi kubwa la mgongoni. Baiskeli yake ilikuwa imeegemea ukuta. Macho yake yalikuwa kwingine. Alikuwa ameikaza shingo kuangalia ubavu wa nyumba kama mtu aliyeona mjusi wa ajabu.

"Nakuuliza wewe, bwana."

"Nimekusikia, fundi. Hilo dirisha lilizibwa lini?"

"Dirisha lipi?"

"La chumba cha pembeni. Lile lililojazwa vipande vya vitambaa."

"Vumbi linaingia. Dirisha langu linakuhusu nini?"

Watu wa mitaa ile walimwita Vikopo. Jina lake la kweli walilijua mkewe na daftari la kituo cha afya. Jina la Vikopo lilitokana na vile vikopo vya plastiki vyenye kifuniko anavyozunguka navyo nyumba kwa nyumba akiomba watu wakohoe ndani. Kila anapopatikana mgonjwa wa TB, yeye hupewa anwani, hufunga begi, huenda kuwapima wanaoishi naye. Kabla ya hapo alikuwa mpaka rangi wa nyumba. Na kabla ya yote, tangu utotoni, alikuwa mtu wa kuuliza. Akiona kuku ana kamba mguuni atauliza nani kamfunga na kwa nini mguu wa kushoto. Mkewe husema bora angeolewa na askari wa upelelezi, maana huyo angalau jioni anavua sare.

Safari hii hakuja kichwakichwa. Mke wa fundi anafanya kazi kiwanda cha mikate, na siku mbili nyuma alipita mwenyewe kituoni akapimwa, akaonekana hana kitu. Akaacha maelekezo ya nyumba na onyo moja: "Mume wangu atafoka. Wewe mwache afoke mpaka uzi ukatike, ndipo useme chako."

Kwa hiyo Vikopo alisubiri uzi ukatike.

Haukukawia. Mashine ilikwaruza, fundi akasonya, akavuta uzi, akaulowesha ncha kwa ulimi, akaanza kulitafuta tundu la sindano. Mtu anayetunga uzi hana mdomo. Vikopo akaingia hapo hapo.

"Mdogo wako alikohoa muda gani kabla hajaanza dawa?"

"Mmh. Miezi miwili."

"Alikuwa analala wapi?"

Fundi akaonyesha kwa kidevu lile dirisha lililozibwa.

"Na nani?"

Uzi ulikosa tundu. Ukakosa tena.

"Na mama," alisema fundi. "Na binti yangu."

"Basi hilo ndilo lililonileta. Mdudu wa TB anatoka na pumzi ya mgonjwa, anaelea humo ndani, mwenzake anamvuta. Watu watatu, chumba kimoja, dirisha lina nguo za wateja, miezi miwili. Mashine ninayo humu mgongoni. Hamtoki hapa. Mnakohoa, tunasubiri saa moja na ushee, majibu mnayapata mimi nikiwa bado nimekaa."

"Na wateja wangu? Begi lako linajulikana kuliko wewe. Wakiliona hapa kesho hakuna anayeniletea hata soksi."

"Wakiuliza, waambie nimekuja kupunguza suruali."

Fundi alimshusha macho mpaka miguuni. Suruali ya Vikopo ilikuwa imekunjwa mara mbili chini, mkunjo mmoja mrefu kuliko mwenzake.

"Kusema kweli inahitaji," alisema, akainuka. "Pita. Lakini uani, sio hapa mbele."

Njia ya kwenda uani ilipita jikoni, na Vikopo jikoni hapiti tu. Alisimama mbele ya kabati la vyombo. Kwenye rafu ya chini, peke yao, kulikuwa na sahani, kikombe na kijiko. Kikombe kimefungwa uzi mwekundu mkononi, kijiko kimefungwa shingoni, sahani imetobolewa kitundu ukingoni ili uzi upite. Mafundo madogo, mazuri, yamebanwa kama ya kushikia kifungo cha koti.

"Hivi vina nini?"

"Vya mdogo wangu. Visichanganyike na vyetu."

"Kazi safi. Sahani umetoboa kwa kitu gani?"

"Msumari wa moto. Mbona?"

"Nashangaa tu. Umehangaika mpaka ukatoboa sahani, na ugonjwa wenyewe hauna habari na sahani. Ungefungua lile dirisha ungemaliza kazi kwa dakika moja."

 Fundi alikitazama kijiko kama mteja anayetazama mkono wa shati ulioshonwa kinyume.

Uani kulikuwa na mwanga wa kutosha na kamba ya nguo. Mgonjwa mwenyewe, ambaye nyumba nzima inamwita Baba Mdogo kwa kumfuata binti wa fundi, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akichambua vifungo kwenye sinia: vyeusi huku, vyeupe huku. Kijana wa miaka ishirini na kitu, mashavu yameingia ndani, ila macho yamechangamka. Alikuwa na wiki ya tatu kwenye dawa.

"Karibu, daktari."

"Mimi sio daktari, mimi ni mbeba makopo. Mkojo bado mwekundu?"

"Kama soda."

"Safi. Dawa inafanya kazi yake."

Karibu na mlango, kwenye kiti kidogo, alikaa mama yao, mwanamke mnene kidogo mwenye nywele nyeupe. Mbele yake begi la safari lilikuwa wazi, na kwa mikono miwili alikuwa anakunja kofia ya sufu yenye ukubwa wa chungwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe wa makopo?"

"Ndiye mimi."

"Kumbe una sura. Watu wanavyokusimulia, nilidhani ni begi linatembea."

Vikopo alicheka, akachuchumaa, akauliza kofia ni ya nani. Akaambiwa ya mjukuu, siku tisa tangu azaliwe, mji mwingine, kwa binti yake. Basi la kwenda huko linaondoka kesho alfajiri. Tiketi imo kwenye mkoba. Akaonyeshwa pia soksi, nepi, na shuka dogo ambalo fundi alilishona kwa kitambaa kilichobaki. Vikopo alilishika shuka, akauliza limepindwaje pembe, akaelezwa. Alipoulizia kifua, mama alijibu haraka:

"Mimi sikohoi. Wapime hao."

Halafu akameza mate. Alimeza kwa nguvu, koo likapanda likashuka, kama mtu anayemeza kidonge kikubwa bila maji. Vikopo aliliona hilo koo. Akalitunza.

Alitoa vikopo vitatu na kalamu. Kimoja akaandika fundi, kingine binti, kingine bibi. Akaeleza kama anavyoeleza siku zote: vuta pumzi mpaka chini kabisa, ishikilie, itoe, fanya hivyo mara tatu, halafu kohoa kutoka kwenye shina la kifua. Mate ya mdomoni hapana. Kila mtu aende pembeni, penye upepo, peke yake.

Fundi alienda nyuma ya karo. Alikohoa kwa hasira, akarudi na alichokipata.

Binti wa fundi, mtoto wa miaka kumi anayesoma zamu ya mchana na anayeitwa Kasuku kwa sababu usiku tu ndio hunyamaza, alikuwa ndiyo kwanza anatoka dukani mbio. Alipewa kopo lake akafurahi kama amepewa peremende.

"Naenda na bibi," alisema. "Bibi hawezi kukohoa mbele za watu."

"Sikohoi mbele ya mwanaume nisiyemzaa," mama alithibitisha. "Nishike mkono, mjukuu wangu."

Wakazunguka ukuta wa bafu, bibi na mjukuu, kila mmoja na kopo lake. Kule nyuma kikasikika kikohozi. Kikatulia. Kikasikika tena. Vikopo alikuwa anafungua begi na kutoa mashine, kitu cha ukubwa wa boksi la viatu, kina matundu manne juu na betri yake pembeni, lakini masikio yalikuwa kule. Kikohozi cha kwanza kilikuwa chembamba. Cha pili kilikuwa chembamba vilevile.

Walirudi. Mama alimkabidhi kopo akiwa ameangalia pembeni, kwa adabu zote.

Vikopo alivaa glavu na barakoa, akainua kopo la fundi kwenye mwanga. Sawa. Akainua la binti. Akakunja uso. Akainua la bibi, akayaweka mawili sambamba mbele ya jua, na hapo yule mpaka rangi wa zamani akaamka ndani yake. Miaka kumi na moja alichanganya rangi kwenye madebe. Alijua nyeupe yenye tone la bluu na nyeupe yenye tone la waridi, na watu walimlipa kwa kujua hivyo. Kwenye kopo la binti kulikuwa na zambarau kwa mbali. Kwenye kopo la bibi kulikuwa na zambarau kwa mbali. Ilikuwa zambarau moja, ya debe moja.

"Kasuku," aliita. "Toa ulimi."

Mtoto akatoa. Ulikuwa wa zambarau mpaka kooni.

"Umekula nini?"

"Barafu. Ya zabibu. Nimenunua sasa hivi dukani."

"Mama na wewe umekula barafu?"

"Meno yangu haya yaweze barafu?" alisema mama, na akaonekana kujuta kabla hajamaliza.

 Baba Mdogo aliacha kuchambua vifungo. Fundi alitazama kopo, akamtazama mwanawe, akamtazama mama yake.

"Bibi aliniambia nimkoholee," alisema Kasuku, ambaye kunyamaza kulikuwa kunamwasha. "Alisema kifua changu bado kipya, kinatoa haraka."

"Mama," alisema fundi.

"Mama nini? Nikimtuma maji hulalamiki. Nikimtuma dukani hulalamiki. Leo nimemtuma kukohoa imekuwa kesi?"

Baba Mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Vikopo naye alitaka kucheka, na pengine nyuma ya barakoa alicheka. Mambo ya makopo ameyaona. Kuna mzee aliwahi kumpa uji. Kuna mtu alimpa kopo likiwa safi kabisa, limeoshwa kwa sabuni, eti kurudisha chombo kichafu ni aibu. Lakini makohozi ya kuazima hakuwahi kuyaona, na alitaka sana kujua kwa nini. Akalivuta benchi, akakaa mbele ya mama, mbali kidogo, upepo ukitokea upande wake.

"Mama, mimi sina kesi. Nauliza tu, ni mazoea. Hayakutoka, au hukutaka yatoke?"

Mama alikunja kofia. Akaikunjua.

"Binti yangu ameolewa miaka tisa," alisema. "Miaka tisa watu wanamtazama tumbo. Mawifi wanamsema. Kila mwezi ananipigia simu analia, namwambia subiri mwanangu, na mimi nasubiri naye. Sasa amezaa. Wewe ungetaka kupimwa?"

"Kwa hiyo unakohoa."

"Nikipimwa nitaambiwa nisiende. Nisipopimwa hakuna wa kuniambia."

"Tangu lini?"

Hapo ndipo Baba Mdogo alipoingilia, kwa sauti ndogo. "Mama, nilikuwa nakusikia. Ulikuwa unakoholea kwenye mto."

"Na wewe umesikia nini, ulikuwa unakohoa zaidi yangu."

"Kabla sijaanza. Nilikuwa bado nabeba saruji kule ghorofani, narudi nimechoka, nakusikia. Nikasema labda ni vumbi la vitambaa."

Mama hakukataa. Fundi alikaa chini palepale alipokuwa amesimama, kwenye sakafu, yeye ambaye hukagua kiti kabla hajakaa kisichafue suruali. Ilionekana anahesabu miezi. Vikopo naye alihesabu, hakuweza kujizuia. Kikohozi cha mama, halafu cha mtoto wake. Au vyote viwili kutoka kwa mtu wa tatu huko nje. Hayo hayana jibu la uhakika, aliyajua, lakini akili yake ilikwenda yenyewe.

"Wiki tatu," alisema Baba Mdogo kumwambia kaka yake, bila ukali, "wiki tatu nakula kwenye sahani yenye kamba kama mbuzi. Na ulisema nimewaletea."

"Nilisema."

"Basi."

"Nilikosea, mdogo wangu."

"Sahani ilikuwa nzuri lakini. Haipotei."

Vikopo aliwaacha wamalizane. Alikuwa bado hajapata anachokitaka, na muda unakwenda. Kumlazimisha mtu kukohoa haiwezekani; akitaka kukupa mate atakupa mate. Kumtisha pia hakupendi. Akarudi kwenye swali lake, lile analouliza kila nyumba, akaliuliza kwa sauti ileile ya kila siku:

"Mama, huko unakokwenda, utalala wapi?"

"Chumba cha mzazi. Mume wake amepisha, atalala sebuleni."

"Kitanda kimoja na binti yako?"

"Kimoja, ndiyo. Nimsaidie usiku."

"Na mtoto analala wapi?"

"Katikati yetu," alisema mama.

Alisema akiwa anaonyesha kwa mikono, hapa mimi, hapa mama yake, hapa yeye, nafasi ya upana wa mkate. Mikono ikabaki pale pale hewani. Akaitazama ile nafasi. 

"Nipe kopo," alisema mama.

Safari hii hakwenda nyuma ya bafu. Alikwenda mpaka kona ya uzio penye upepo, akawapa mgongo, akavuta pumzi mara moja, mbili, tatu. Kikohozi kilichotoka hakikuwa chembamba. Kilitoka chini kabisa, kizito, kikamwinamisha, kikafuatwa na kingine na kingine, vyote alivyovimeza kwa miezi mitatu au minne vikapanga foleni. Fundi aliinuka kwenda kumshika, Vikopo akamzuia kwa mkono. Alipomaliza alifunga kifuniko mwenyewe, akarudi akihema, akamwekea Vikopo kopo kando ya mashine.

"Hayo ni yangu," alisema. "Angalia rangi."

Vikopo aliangalia. Yalikuwa yake.

Mtoto naye alisukutua mdomo kwa maji mara tatu, akapewa kopo jipya. Vikopo akachanganya makohozi na dawa ya kupimia, akatikisa, akasubiri dakika zake, akamimina kila kimoja kwenye kitungi chake kidogo, akavitia kwenye matundu matatu. Mashine ikawasha taa tatu za njano, ikaanza kunguruma taratibu.

Kusubiri kukaanza. Fundi, ambaye asubuhi alikuwa hataki kuliona lile boksi, sasa alikuwa amelichuchumalia.

"Ndani inafanya nini?"

"Inampasua mdudu na kutafuta alama yake. Kila mdudu ana alama yake. Hata wakiwa wachache, inazidisha ile alama mpaka ionekane."

"Kama kunakili patroni."

"Patroni?"

"Una karatasi moja ya shati, unakata nyingine kwa kuifuata, na nyingine, mpaka unajaza meza."

Vikopo alilipenda hilo. Alilirudia midomoni ili asilisahau. Kuna muuguzi kituoni alimweleza habari hiyo mara nne bila kueleweka.

"Na wewe uliingiaje kwenye kazi hii?" fundi akauliza. "Huna sura ya hospitali."

Basi Vikopo akasimulia, maana anayeuliza sana hawezi kukataa kuulizwa. Alikuwa anapaka hoteli moja ndefu akaanza kukohoa, akadhani ni harufu ya rangi. Akapungua mpaka mkanda ukaongezwa matundu mawili. Akapimwa, akatibiwa miezi sita, akapona, akarudi kazini. Hakuna mtu aliyekuja nyumbani kwake kuuliza nani analala wapi. Wakati anaumwa, dada yake mkubwa ndiye aliyempikia uji, akamfulia mashuka, akakesha naye chumbani mlango umefungwa ili asipigwe na baridi. Miezi saba baada ya yeye kupona, dada akaanguka sokoni. Pafu moja lilikuwa limeshaliwa.

"Alikufa?" aliuliza Kasuku.

"Yupo. Ana maneno kuliko wewe. Ila akipanda ngazi tatu anasimama, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba."

Hapo mama aliinua macho, akamtazama Vikopo muda mrefu, halafu akaendelea na kofia yake. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka imepoteza umbo. Baba Mdogo alirudi kwenye vifungo. Mara mbili mteja aliita kule mbele, na mara mbili fundi alipaza sauti kuwa amefunga kwa muda, anapunguza suruali ya mtu.

Taa ya kwanza iligeuka kijani. Ya fundi. Hakikuonekana kitu. Ya pili ikafuata, ya Kasuku, nayo hakuna kitu. Vikopo akawaeleza palepale kwamba kutoonekana leo sio mwisho wa habari: wote wawili waende kituoni wakaangaliwe, na wakionekana wazima watapewa dawa za kinga, kwa sababu mdudu anaweza kuwa amelala tu ndani.

Taa ya tatu ilichukua muda wake, halafu mashine ikaandika. Vikopo akasoma mstari, akausoma tena.

"Mama, nikwambie peke yako?"

"Sema hapa. Nyumba hii siri haikai, mimi mwenyewe nimejaribu."

"Imeonekana. Ni ile ya kawaida, dawa zilezile za kijana wako zinaitibu."

Mama aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa anaitegemea.

"Nikivaa barakoa?"

"Utaivaa kuanzia sasa. Lakini sio kwa mtoto wa siku tisa, kitanda kimoja. Na kesho binti yako apigiwe simu, naye akaangaliwe huko. Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Akiwa na mimba ya miezi mitano. Nilikuwa bado sina kikohozi."

"Vizuri. Bado muuguzi wa huko atataka kujua."

"Na mimi nitamwona lini huyo mtoto?"

"Kesho asubuhi unaanza dawa. Baada ya wiki kadhaa watakupima tena, na mganga ndiye atakayesema. Sikudanganyi siku, siijui. Lakini siku hiyo utambeba, utamnusa, utamlaza katikati yenu."

"Atakuwa ameota meno."

"Hawaoti haraka hivyo, mama."

"Wa kwetu wanaota."

Fundi alikwenda ndani. Wakamsikia akivuta, kitu kikichanika, na mara vumbi likatoka ubavuni mwa nyumba, likifuatiwa na lundo la vipande vya vitambaa vikianguka nje kimoja kimoja. Kasuku akakimbia kuviokota. Vikopo akaandika karatasi ya rufaa, akaandika na siku ya kurudi, akampa mama barakoa na kumwonyesha inavyobanwa puani.

Simu yake iliita akiwa anafuta mashine. Ilikuwa shule ya mwanawe. Mwalimu alisema mtoto amefungua kengele ya umeme ya shule kuangalia kinacholia ndani, sasa hailii na shule nzima haijui kama ni mapumziko au ni hesabu. Mzazi aje, na aje sasa.

"Ameifungua kwa kutumia nini?" Vikopo aliuliza.

Mwalimu akasema hilo halihusiani.

Alifunga begi. Mama alikuwa ameshamwomba fundi simu, ameishika mbali na macho akitafuta jina la binti yake.

"Utamwambiaje?" Vikopo alishindwa kujizuia.

"Sijui. Nitaanza na salamu."

Simu ikaanza kuita upande wa pili. Vikopo alikuwa na begi begani na miguu miwili uani. Alitaka kujua binti atasema nini, kama atalia au atakasirika, na mama atalitajaje hilo neno, na kama kule nyuma kitasikika kilio cha kile kitoto. Angekaa kidogo tu. Akasikia sauti ya mwanamke ikisema, "Mama, umeshafunga mizigo?" na mama akafumba macho.

Vikopo akaaga kwa mkono, akapita jikoni, akatoka mbele. Akapanda baiskeli akaelekea shuleni.